Gia zinagonga mwinukoni: kasoro iko mbele ya mota

Swali la msomaji: Nimejenga pikapu ya Land Cruiser 79 kwa vipande vya LEGO Technic, kipimo cha karibu 1:10. Ina kilo 1.8, matairi ya mm 81.6, mota mbili za L za Power Functions (mfumo wa mota na rimoti wa LEGO), servo (mota ya kugeuzia magurudumu) ya usukani na betri sita za AA. Mota zinazungusha gia ya meno 8 inayoshika ya 24, kisha propela shafti inapeleka mzunguko kwenye gia za meno 20 zinazoshika difu (gia inayogawa mzunguko kwa magurudumu mawili) ya mbele na ya nyuma. Sakafuni inakimbia vizuri. Nikiipandisha ubao niliouinamisha nyuzi 30, inasimama, gia zinagonga tak-tak-tak, na mara moja shafti ilichomoka. Usukani nao umelegea. Je, niongeze mota ya tatu? Na nikiiingiza kwenye mashindano, majaji huangalia nini?

Jibu: Usiongeze mota. Mota mbili za L zinatosha kabisa kupandisha kilo 1.8. Gari lako linakosa vitu viwili: kupunguziwa mwendo mahali panapostahili, na fremu inayozuia gia zisiachane. Mota ya tatu itakuongezea uzito na kuzidisha kugonga huko kwa gia, maana kinachoshindwa kiko mbele ya mota.

Tuanze na hesabu, ni fupi. Gari la kilo 1.8 linavutwa chini kwa niutoni 17.7. Kwenye mwinuko wa nyuzi 30, nusu ya uzito huo, yaani niutoni 8.8, ndiyo inayolirudisha nyuma. Tairi lako lina nusu kipenyo cha sentimita 4.08, kwa hiyo magurudumu yote kwa pamoja yanahitaji nguvu ya kuzungusha, au torki, ya N·cm (niutoni-sentimita) 36 ili gari lisirudi. Mota ya L kwa volti 9 ikiwa na mzigo wa kawaida hutoa takriban N·cm 6.5 huku ikizunguka mara 270 hivi kwa dakika. Bila mzigo hufika 390. Mbili ni N·cm 13. Gia yako ya 8 kwa 24 inazidisha mara 3, na ile ya 20 ikishika difu ya meno 28 inazidisha mara 1.4, jumla mara 4.2. Hiyo ni N·cm 54.6 kwenye karatasi. Kwa gari la magurudumu manne lenye difu mbili na krosi (viungo vya shafti vinavyokunja) kadhaa, nakadiria asilimia 40 inaliwa na msuguano. Zinabaki N·cm 33 dhidi ya 36 zinazohitajika. Ndiyo maana linasimama palepale kwenye nyuzi 30.

Likishasimama, balaa la pili linaanza. Mota iliyozuiwa haitoi tena N·cm 6.5, torki yake hupanda mara kadhaa. Torki hiyo yote, ikiwa imeshazidishwa mara 3 na gia zako za mwanzo, inapita kwenye propela shafti, kwenye krosi, hadi pale gia ya meno 20 inapokutana na difu kwa pembe mraba. Gia zinazokutana kwa pembe mraba zinasukumana kuzunguka na wakati huohuo zinasukumana kuachana. Boriti (kipande kirefu chenye matundu) inayozishikilia ikijipinda hata nusu milimita, jino linaruka juu ya jino. Huo ndio mlio unaousikia. Ukiuacha uendelee, angalia vijigia vya meno 12 vilivyo ndani ya difu: ncha za meno huanza kuwa na weupe, kisha hukatika.

Toa shafti ya propela sasa hivi na uitazame kwa upande wa kichwa, kama unavyochungulia mwanzi. Mabawa manne ya msalaba wa upande wa karibu yanapaswa kufunika kabisa yale ya upande wa mbali. Ukiona yamepishana, shafti imekamuliwa kama nguo iliyofuliwa na haitarudi. Itupe. Shafti iliyojipinda hivyo hukaza na kulegea kila mzunguko, na utatafuta ugonjwa kwingine bure.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha upunguzaji wa mwendo kutoka kwenye mota hadi kwenye gurudumu. Kila kilicho kati ya mota na gurudumu kibebe mzunguko mwepesi wa kasi, kisha torki izaliwe mwishoni kabisa, tairi linapoanzia. Kipande kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye gia za sayari ndani yake, iliyokuja na seti 42099 mwaka 2019. Inapunguza mwendo mara 5.4 ndani ya gurudumu lenyewe. Ondoa ile gia ya 8 na 24, peleka mota moja kwa moja kwenye propela kwa gia zinazolingana, acha 20 kwa 28 ya difu kama ilivyo, kisha weka habu hizo nne. Uwiano mpya ni 1.4 × 5.4, yaani 7.56. Zidisha na N·cm 13, toa asilimia 40: unabaki na N·cm 59 magurudumuni, wakati mwinuko unadai 36. Na torki inayopita kwenye propela na difu imeshuka hadi theluthi moja ya ile ya awali. Kwa mabadiliko hayo gari linapata nguvu karibu maradufu, na gia zako zinapumua.

Utalipia kwa mwendo. Likiwa na mzigo, gurudumu litazunguka kama mara 36 kwa dakika, na kwa tairi lako hiyo ni mita 9 hivi kwa dakika. Kwa gari la kupanda mawe ni mwendo mzuri kabisa. Kama ulitaka la kukimbia sebuleni, basi habu hizi si zako, na usilipeleke kwenye ubao wa nyuzi 30. Kabla hujaagiza, hakikisha ringi zako zina matundu ya pini ya kupokelea habu. Ringi inayokaa juu ya shafti peke yake haitafaa.

Habu hizo zikikushinda bei, kuna njia ya pili ambayo mimi naipenda kwa sababu inaliinua gari. Ni ekseli ya daraja: shafti inafika gurudumuni juu, gia ya meno 8 inashika ya 24 iliyo chini yake, na gurudumu linafungwa kwenye hiyo ya 24. Vipande vya kufanyia hivyo vilikuja na Unimog U400, seti 8110 ya mwaka 2011. Unapata mara 3 gurudumuni, na tumbo la ekseli linapanda mm 16. Ukiishia hapo jumla itakuwa ileile 4.2, kwa hiyo bado utahitaji kupunguza kidogo kwenye mota. Ngoa ile 8 na 24 uweke 12 na 20. Hutahamisha tundu hata moja. Kwenye gia za LEGO, jumla ya meno ya gia mbili ukiigawa kwa 2 inakupa umbali wa shafti kwa milimita: 8 na 24 ni mm 16, 12 na 20 ni mm 16, na 16 kwa 16 vilevile. Kutoka tundu hadi tundu ni mm 8, basi zote hukaa kwenye matundu mawili. Kwa matundu matatu, mm 24, una 8 na 40, 12 na 36, 20 na 28, au 24 kwa 24. Zile zinazotoa nusu tundu, kama 20 kwa 20 au 16 kwa 24 ambazo ni mm 20, ziache hadi uwe umezoea kuzifungia, kwa kuwa boriti za kawaida hazizishiki sawasawa. Kwa 12 na 20 hizo kwenye mota, jumla yako inakuwa 7, na nguvu inatosha.

Sasa fremu. Hapa ndipo magari mengi hufia, na hakuna mota inayoweza kukuokoa.

Kila shafti inayobeba gia ishikwe pande mbili za gia, kila mshiko ukiwa tundu moja tu kutoka kwenye gia. Gia iliyoning'inia mwishoni mwa shafti, imeshikwa upande mmoja, itaruka leo au kesho. Pale difu inapokutana na gia ya meno 20, usijenge kwa boriti mbili sambamba zilizounganishwa kwa pini. Tumia fremu iliyofungwa ya matundu 5×7, ile ya mstatili yenye uwazi katikati, kwa sababu kona zake ni kipande kimoja na haziwezi kufunguka. Shafti ya difu ipite ukingo hadi ukingo, na shafti ya gia ya 20 iingie kupitia ukingo mfupi. Nyuma ya gia hiyo weka bushi (pete ndogo ya kuzuia shafti isiteleze) nzima inayogusa ukingo wa fremu, ili gia ikisukumwa irudi nyuma ikute ukuta. Bila bushi hiyo, shafti inateleza kidogo kidogo hadi ichomoke, na naamini hicho ndicho kilichokupata. Kwenye shafti za gurudumu tumia zile zenye kizuizi kichwani, za urefu wa matundu 4, 5 au 8 kadiri ya nafasi uliyo nayo. Kizuizi kikiwa upande wa ndani, gurudumu haliwezi kuondoka na shafti yake.

Chasisi nzima nayo ipimwe. Shika bampa ya mbele kwa mkono mmoja na ya nyuma kwa mwingine, kisha izungushe kama unayekamua kitambaa. Ikijipinda mkononi, itajipinda zaidi kwenye jiwe, na propela shafti itakuwa inatafuta njia yake humo ndani. Boriti mbili ndefu zilizolala sambamba hazizuii kujipinda hata ukizifanya nene. Kinachozuia ni boksi: boriti mbili za chini na mbili za juu, zimetenganishwa kwa vipande vya wima, na fremu ya 5×11 au 5×7 imefunga kila mwisho. Ukitaka kukaza pembeni kwa boriti ya mshazari, kuna pembetatu moja inayolingana na matundu bila kulazimisha: boriti ya matundu 7, ya 9 na ya 11. Kati ya matundu 7 kuna nafasi 6, kati ya 9 kuna 8, kati ya 11 kuna 10, na 6-8-10 ni pembe mraba kamili. Boriti hizo zote tatu zipo dukani. Mshazari wowote unaohitaji kubonyezwa kwa dole gumba ili pini iingie ni kosa. Utakaa wiki mbili, kisha pini itaanza kujitoa.

Kuhusu pini, rangi si urembo. Nyeusi ya matundu mawili na ya buluu ya matundu matatu zina mikwaruzo ya kushika. Hizo ni za mahali pasipotembea. Za kijivu zisizoshika ni za mikono ya springi, ya usukani, na popote panapozunguka. Ukiweka nyeusi kwenye mkono wa springi, gari litabonyea na kubaki limeinama.

Halafu krosi za propela. Kanuni ni moja na haina msamaha: katikati ya krosi ikae kwenye mstari uleule ambao ekseli inabembea juu yake. Ekseli ikibembea mahali pengine na krosi ikakunja mahali pengine, umbali kati yake unabadilika kila gurudumu linapopanda. Ukifupika, shafti inasukuma gia. Ukirefuka, shafti inachomoka kwenye krosi. Panga kiungo cha mpira cha ekseli na krosi viwe tundu moja la urefu na la kimo, na hata hapo uache nusu tundu ya shafti iliyo huru kuteleza ndani ya krosi. Magurudumu ya mbele yakikatwa zaidi ya nyuzi 30, krosi huanza kukwama na kugonga. Weka kizuizi cha usukani kabla ya hapo.

Ukishafunga kila kitu, kabla hujaunganisha mota, zungusha propela kwa vidole viwili. Inapaswa kuzunguka kwa ulaini uleule mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Ikikaza mahali pamoja kila mzunguko, una shafti iliyojipinda au gia iliyokatika jino. Ikikaza wakati wote, bushi zimebana: rudisha kila moja nyuma unene wa karatasi. Wajenzi wengi husukuma bushi hadi mwisho wakidhani wanaimarisha, kumbe wanaweka breki kila gurudumu. Kisha unganisha mota mbili, lakini ziwashe kwanza zikiwa hazijashikana na gia. Mota mbili zinazotazamana huzunguka kinyume, na zikifungwa hivyo kwenye gia moja zitapigana hadi kisanduku cha betri kijikate chenyewe. Kipokezi cha rimoti kiwe kile chenye alama V2, kinachoruhusu umeme mwingi kuliko cha kwanza. Na usilijaribu gari juani mchana: rimoti hiyo hutumia miale ya infraredi, jua linaifunika, na utadhani mota imekufa.

Betri za kawaida za alkalaini zikiwa mpya zina volti 9 kwa sita, ila chini ya mzigo mzito volti hushuka haraka. Za kuchaji za NiMH zina 7.2, chini kidogo, lakini hazianguki mzigo unapopanda. Mwinukoni tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye jaribio refu, za kuchaji hushinda. Uzito wa betri sita ni kama gramu 140, basi kisanduku kikae chini kabisa na karibu na ekseli ya mbele. Mwinukoni uzito unahamia nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na kuteleza. Jambo dogo linalosahaulika: osha matairi kwa maji na sabuni. Raba yenye vumbi juu ya ubao laini huteleza kabla ya nyuzi 30, na hapo hata N·cm 100 hazisaidii.

Usukani uliolegea una ugonjwa uleule wa gia zako, na dawa yake ni ileile. Kila kiungo na kila gia ina ulegevu wake. Ulegevu ulio kabla ya upunguzaji hugawanywa na upunguzaji. Ulegevu ulio baada yake unafika gurudumuni mzima mzima. Servo ya Power Functions inakwenda nyuzi 90 kila upande kwa hatua saba. Wewe unahitaji nyuzi 30 tu gurudumuni, kwa hiyo usikate mwendo huo palepale kwenye servo kisha ukaupitisha kwenye shafti ndefu na krosi mbili. Acha servo izungushe shafti nyuzi 90 kamili hadi mbele, na upunguze pale kwenye reki (boriti yenye meno) ya usukani, kwa gia ndogo iliyoshikwa pande mbili. Hesabu viungo kati ya reki na gurudumu. Vikizidi viwili kila upande, tafuta cha kuondoa. Mkono wa gurudumu usiwe sambamba na gari: ukitazama kutoka juu, mstari kutoka kwenye egemeo la gurudumu kupitia kiungo cha tairodi (fimbo inayosukuma gurudumu likate) uelekee katikati ya ekseli ya nyuma. Kwenye Technic, kuingiza kiungo nusu tundu ndani mara nyingi kunakufikisha karibu vya kutosha, na gurudumu la ndani litakata zaidi ya la nje kama kwenye gari halisi.

Difu sina haja ya kuisifia. Kwa gari la kuonyesha, iache, ni fundi mzuri wa kona. Kwa mashindano ya kupanda mawe, iondoe nyuma na uweke gia imara moja kwa moja, kwa sababu gurudumu moja likining'inia hewani difu italipa mzunguko wote hilo linaloelea.

Majaji sasa. Kila shindano lina sheria zake na alama zake, na hizo ndizo unazopaswa kuzisoma kwanza: ukubwa unaoruhusiwa, idadi ya mota, kama vipande vya kampuni nyingine vinakubalika, kama kukata au kugundisha vipande kunakutoa nje. Zaidi ya hapo, jaji anayejua kazi hii huangalia vitu vinavyofanana kila mahali.

Kwanza ni kipimo, na anakipima kwa tairi. Tairi la 7.50R16 lililozoeleka kwenye Land Cruiser hizi lina kipenyo cha takriban mm 805; gawa kwa 81.6 upate 9.87, yaani karibu 1:9.9. Basi kila kitu kingine kifuate hapo. Pikapu ya 79 ina mm 3180 kutoka ekseli hadi ekseli. Gawa kwa 9.87 upate mm 322, yaani matundu 40. Kama yako ina 36, jaji ataona gari fupi hata kama hajui kwa nini. Kama ina 34, ataona Land Cruiser nyingine, ile fupi ya 76, yenye mm 2730. Ukibadilisha matairi baadaye, umebadilisha kipimo chote, na bodi lazima ijengwe upya. Ndiyo maana naanza na matairi kila mara.

Pili, ukweli wa mashine. Gari hili lina ekseli nzima mbele na nyuma, springi za koili mbele na za majani nyuma. Ukiweka magurudumu yanayojitegemea mbele kwa sababu vipande vyake ulikuwa navyo, umejenga gari jingine lenye sura ya Land Cruiser. Springi za majani hazijengeki vizuri kwa vipande vigumu. Inakubalika kuweka mikono mitatu na shokamzoba, kisha kuvificha nyuma ya majani ya kuonyesha, mradi usidai kwamba majani ndiyo yanayobeba. Injini nayo ihesabiwe silinda. Nyingi zinazotembea Afrika Mashariki zina 1HZ, dizeli ya silinda sita kwa mstari. Ukiweka V8 ya pistoni za njano halafu ukaandika 1HZ kwenye maelezo, anayezijua hizi gari atasimama hapo na asiendelee. Pistoni hizo ziendeshwe kutoka upande wa mota, ambako mzunguko ni mwepesi. Zikifungwa karibu na gurudumu zinakula nguvu uliyotoka kuitafuta. Mkonga wa hewa (bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi kwenye paa), kama umeuweka, usiwe wa kupachikwa kwa pini moja. Watu hulishika gari hapo.

Tatu, uimara, na huu haupimwi kwa karatasi. Jaji akiwa na gari mkononi hulinyanyua kwa paa. Kisha hubonyeza kila kona na kuachia kuona kama linarudi, huzungusha gurudumu moja huku ameshika jingine kusikiliza ulegevu, hufungua mlango na kuufunga mara kumi. Springi ziwe zimebonyea karibu theluthi ya mwendo wake gari likiwa limesimama. Shokamzoba fupi ya matundu 6.5 yenye springi ya njano ni ngumu, ya kijivu ni laini. Kwa kilo 1.8 jaribu njano nyuma kwanza, na kama gari halishuki hata kidogo kwa uzito wake, umelifunga kwenye magogo. Kazi tatu zinazofanya kazi kila mara zinapata alama zaidi kuliko saba ambazo mbili zinahitaji kusukumwa kwa kidole. Ningeondoa winchi isiyovuta kuliko kuiacha. Kama unaiweka, tumia gia ya parafujo: kila mzunguko mmoja inasogeza jino moja, na haiwezi kurudishwa na mzigo, kwa hiyo kamba inashika hata mota ikizimwa. Ila inasukuma shafti yake kwa nguvu upande mmoja, kwa hiyo ikute ukuta pande zote mbili.

Nne, kwa mashindano ya mtandaoni, jaji hana gari mkononi, ana picha tu. Tumia ukuta mweupe au wa kijivu na mwanga wa dirishani usio wa jua kali. Piga mbele, nyuma, pembeni kabisa kwa usawa wa ekseli, na picha ya chini ya gari ikiwa imegeuzwa. Wengi huificha hiyo ya chini, na jaji anajua kwa nini. Kama umechora kwenye Stud.io, programu ya kuchorea mifano ya LEGO, ambatisha orodha ya vipande, lakini usitegemee mchoro kuwa ushahidi: programu inakuambia vipande vinagongana, haikuambii kwamba gia itaruka ukiweka mzigo. Rekodi video moja isiyokatwa, ya dakika mbili au tatu, mkono ukiwa haugusi gari. Weka kipimapembe au rula na kitabu kando ya ubao ili urefu na kimo vionekane: kwa ubao wa sentimita 60, mwisho ulioinuliwa sentimita 30 ndio nyuzi 30. Gari lipande, lisimame katikati, liondoke tena kutoka pale liliposimama. Kuondoka huko katikati ya mwinuko ndiko kunakodai torki yote, na mlio wa gia usikike kwenye video bila muziki juu yake.